Kichupa cha Manukato Kilichosema Kifaransa

Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Hawakueleza, hata hivyo, iwapo kitu kilichomo mkononi kinapaswa kusema neno kinapotolewa, na kama kinasema, kiseme kwa lugha gani. Zawadi nyingi za anasa huwa na maandishi, na lugha ya maandishi hayo haichaguliwi kwa sadfa. Anayetaka kuona jinsi jamii inavyoweza kuitilia shaka lugha yake yenyewe katika jambo lililo karibu kabisa na moyo, yaani mapenzi, hana haja ya kuanza na Afrika. Na aanze na London ya karne ya 18, penye vichupa vya kauri vya kutilia manukato.

Vichupa hivyo ni vidogo mno. Vingi havizidi sentimita 9 kwa urefu, kiasi cha kufichika katika kiganja kilichofumbwa. Kimoja kina umbo la Cupid, yule mungu mtoto wa mapenzi katika visaasili vya Warumi, akiwa na mabawa na podo la mishale; kingine ni mchungaji na kondoo wake; kingine ni njiwa wawili waliogusanisha midomo; kingine ni tunda, au mbwa, au ndege. Kichwa cha umbo hilo, au ua lililo juu yake, ndicho kizibo. Shingo imezungushiwa dhahabu, na chini ya kitako, mahali ambapo mtu hapaoni mpaka akipindue kichupa, aghalabu pamechorwa waridi. Mabibi wa London walivitia mifukoni au wakavitundika kiunoni kwa mkufu. Jiji lile lilijaa mashimo ya choo, mifereji ya wazi na samadi ya farasi, na kwa hivyo kichupa cha marashi karibu na pua hakikuwa pambo tupu.

Wenyewe waliviita kwa neno la Kiingereza ambalo leo humaanisha kidude cha kuchezea mtoto. Wakati ule neno hilo lilikuwa na maana pana zaidi: kila kitu kidogo cha anasa cha mtu mzima kilihesabiwa humo, kuanzia kikopo cha ugoro na mhuri wa kupigia lakiri hadi ala ya sindano na mikasi. Mwaka wa 1754 palifanyika London mnada wa vidude kama hivyo vya kauri, vichupa vya manukato vikiwamo. Vilikuwa, kwa ufupi, vitu vya kupeana.

Yaliyotiwa ndani hayakutoka mbali na huku kwetu kama mtu anavyoweza kudhani. Manukato ya Ulaya ya enzi hizo yalitegemea mno ambari, miski na zabadi, kwa sababu harufu ya maua peke yake hutoweka upesi na lazima ipate kitu kizito cha kuishikilia. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi na kutupwa ufukoni na mawimbi. Al-Masudi, mwanajiografia Mwarabu wa karne ya 10, aliitaja ambari miongoni mwa bidhaa za nchi ya Zanj. Zabadi hutoka kwa fungo, na Uhabeshi imeiuza kwa karne nyingi. Harufu ile iliyovutwa katika kumbi za London, basi, ilikuwa na sehemu yake katika bahari hii na bara hili, ingawa hakuna neno kwenye vichupa lililodokeza hivyo.

Na kauri yenyewe? Wapenzi wa isimu watafurahia jambo moja. Katika Kiswahili, kauri ni yale makombe madogo ya baharini yanayong'aa, ambayo zamani yalitumiwa kama fedha na bado hushonwa kwenye mikoba na mapambo. Tena kauri ni ule udongo mweupe wa sahani na vikombe vya Kichina. Lugha za Ulaya nazo zilipitia njia hiyo hiyo. Neno lao la chombo cha Kichina limetokana na neno la Kiitaliano la kombe lile lile la baharini. Watu wawili wasiojuana walikitazama chombo kimoja, wakaona weupe na mng'aro wa kitu kimoja, wakatoa jina moja. Tafsiri mwafaka kuliko hiyo ni vigumu kuipata katika kamusi yoyote.

Kwa muda mrefu Wazungu waliweza kuinunua kauri lakini hawakuweza kuitengeneza. Siri ilikuwa katika aina ya udongo mweupe uitwao kaolini, unaochomwa kwa joto kali mno. Augusto Mwenye Nguvu, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, alimfunga Johann Friedrich Böttger, kijana aliyejigamba kuwa angeweza kugeuza madini duni yakawa dhahabu. Dhahabu haikupatikana. Badala yake, kwa msaada wa mwanasayansi Tschirnhaus, kauri ngumu ilipatikana mwaka wa 1708, na kiwanda cha Meissen kikaanzishwa mwaka wa 1710. Mfalme huyo aliipenda kauri kwa kiasi cha kutia hofu: mwaka wa 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari wapatao 600, akapewa vyombo vya kauri 151. Watu walitolewa, vyombo vikapokewa. Baadhi ya majagi ya mabadilishano hayo yangali Dresden, na mpaka leo yanaitwa kwa jina la askari hao wapanda farasi. Ni vyema kuukumbuka mkataba huo kila mtu anapoambiwa kuwa vyombo vya anasa havina makuu, vinafurahisha macho tu.

Warithi wa Augusto waliendelea kuitumia kauri ya Meissen kama zawadi ya kisiasa. Sir Charles Hanbury Williams, mjumbe wa Uingereza huko Dresden, alipewa seti nzima ya vyombo vya meza katika miaka ya 1740. Mwaka wa 1751 seti hiyo, iliyokuwa imehifadhiwa London, iliazimwa ili mafundi wa kiwanda cha Chelsea waiige. Kiwanda hicho kilikuwa kimeanzishwa yapata mwaka wa 1745 na Nicholas Sprimont, mfua fedha kutoka Liège. Zawadi ya mfalme kwa mjumbe iligeuka kuwa kiolezo cha biashara.

Hapa ndipo vichupa vinapoingia. Kwa miaka mingi wakusanyaji wa vitu vya kale waliviita vyote kwa jina la Chelsea. Baadaye wataalamu walitambua kuwa vimo vya kundi jingine, vyenye udongo na mkono tofauti wa fundi. Walilipa kundi hilo jina la Msichana Pembeani, kutokana na sanamu nyeupe ya msichana aliyeketi katika pembea. Sanamu moja ya aina hiyo iko katika makumbusho ya Victoria and Albert jijini London, nyingine iko Boston. Palikuwa na mabishano marefu. Mwaka wa 1993 utafiti katika nyaraka za Ufaransa ulionyesha kuwa Charles Gouyn, sonara aliyewahi kuwa na hisa katika kiwanda cha Chelsea siku zake za mwanzo, alikuwa akitengeneza vitu vidogo vya kauri nyumbani kwake katika mtaa wa St James's. Gouyn alikuwa mmoja wa Wahuguenot, yaani Waprotestanti wa Kifaransa. Sprimont naye alitoka katika mji wa wasemao Kifaransa. Jambo hilo litahitajika punde.

Maana vichupa hivyo vina maneno. Kwenye ukanda mwembamba mweupe, shingoni au karibu na kitako, mchoraji ameandika usemi wa mapenzi: uaminifu wa rafiki, ushindi wa mshale wa Cupid, ahadi ya mchungaji kwa mpenziwe. Takriban misemo yote ni ya Kifaransa, na Kifaransa chenyewe mara nyingi kina kasoro. Herufi zimerudiwa pasipohitajika, alama za juu ya irabu zimeachwa, maneno mawili yameshikamana kama kwamba mwandishi hakujua linapokoma moja na kuanza jingine. Neno la uaminifu, kwa mfano, linaonekana kwa sura ya FIDELLE, lenye l mbili. Ni haki kukiri kuwa tahajia ya Kifaransa ilikuwa haijatulia wakati huo, na kwamba umbo kama hilo liliandikwa hata na Wafaransa wenyewe. Lakini si kasoro zote zinazoweza kusamehewa kwa hoja hiyo. Wenye viwanda walikijua Kifaransa tangu utotoni. Waliokishika kalamu, yamkini, hawakukijua. Walinakili maumbo ya herufi jinsi walivyonakili mabawa ya kipepeo.

Swali linalopasa kuulizwa ni hili: kwa nini kijana wa London, Mwingereza, anayetaka kumwambia msichana wa London, Mwingereza mwenziwe, kuwa atakuwa mwaminifu kwake, anunue kichupa kinacholisema jambo hilo kwa Kifaransa, tena Kifaransa kilichoborongwa? Kiingereza hakikuwa lugha changa. Shakespeare alikuwa amekufa mwaka wa 1616, zaidi ya karne moja nyuma, na lugha iliyobeba mapenzi ya Romeo na Juliet haikuweza kudaiwa kukosa maneno ya mapenzi. Aidha, Uingereza na Ufaransa zilikuwa mahasimu. Vilipoanza Vita vya Miaka Saba mwaka wa 1756, vichupa vilikuwa bado vikitengenezwa. Watu waliwapiga Wafaransa risasi baharini na nchi kavu, kisha wakarudi nyumbani wakabembeleza wapenzi wao kwa lugha ya adui.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ilikuwa fasheni tu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halielezi kitu. Fasheni ni jina tunaloupa uamuzi wa watu wengi ambao hakuna aliyeulizwa sababu yake. Kifaransa kilikuwa lugha ya makasri ya Ulaya. Mfalme wa Prussia aliandika kwa Kifaransa, na mabalozi waliandikiana kwa Kifaransa. Kichupa chenye maneno hayo kilimwambia mpokeaji mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, lililoandikwa, ni kuwa anapendwa. La pili, lisiloandikwa, ni kuwa anayempenda ni mtu wa daraja fulani. La pili ndilo lililokuwa na bei. Ndiyo maana kasoro hazikumzuia mtu kununua. Kama maneno yangenunuliwa kwa ajili ya kusomwa, fundi asingedumu na makosa hayo kwa miaka. Mteja angekirudisha kichupa dukani. Maneno hayo yalinunuliwa ili yaonekane.

Leo manukato yamekwisha kuyeyuka. Aliyetoa zawadi na aliyepewa, karibu wote, hawajulikani. Vichupa huuzwa minadani kwa maelfu ya pauni na kutolewa tena kuwa zawadi za anasa, safari hii kwa wakusanyaji, na hakuna mwenye akili atakayetia marashi ndani yake. Biashara hiyo imezaa wanaoghushi. Kiwanda cha Samson, kilichofunguliwa Paris mwaka wa 1845, kilijulikana kwa kuiga kauri za kale za kila namna, Chelsea ikiwamo. Kauri ya Chelsea ilikuwa laini, yenye unga wa kioo katika udongo wake. Ya Samson ni ngumu na ya kijivu kidogo. Nanga ya dhahabu, alama ya Chelsea ya miaka ya mwisho, ni ndogo sana katika vyombo halisi na haionekani upesi, ilhali ya bandia hujitokeza kubwa ili mnunuzi asiikose. Nanga kubwa ya Samson na Kifaransa kilichoborongwa ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vimewekwa ili vionekane na mtu asiyejua kuvisoma.

Mtu anaweza kuuliza haya yote yana uhusiano gani na chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Uhusiano upo, na unapita katika zawadi nyingine yenye maandishi, ambayo kila msomaji wa jarida hili ameiona ikitandikwa, ikifungwa, ikibebea mtoto na kutolewa harusini: kanga.

Kanga nayo ilianza kama bidhaa ya biashara ya kimataifa. Ilichapwa India, ikachapwa Uingereza, Uholanzi na Japani, kabla ya viwanda vya Afrika Mashariki kujitokeza. Wachapaji hao, kwa sehemu kubwa, hawakujua Kiswahili zaidi ya mchoraji wa London alivyojua Kifaransa. Maandishi yalipoanza kuwekwa, hapo mwanzo kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi, mwenye kiwanda wa Ulaya angeweza kuweka Kiingereza au Kifaransa na kudai kuwa anasa haisemi lugha ya wenyeji. Hakufanya hivyo. Wafanyabiashara wa Mombasa na Unguja, kama Kaderdina Hajee Essak aliyeanza biashara Mombasa mwaka wa 1887 na ambaye kanga zake zilitambuliwa kwa jina la Abdulla, walijua wateja wao ni akina nani. Wateja walikuwa wanawake wa pwani, na wanawake hao walitaka maneno wanayoyaelewa. Mashine za ng'ambo zililazimika kuandika Kiswahili.

Tofauti iliyopo hapa si ya utajiri, kwa kuwa London ilikuwa na utajiri mwingi kuliko Mombasa. Ni tofauti ya mnunuzi. Bibi wa pwani anapoingia dukani huitazama rangi, huutazama mji na pindo, lakini hafungui mkoba kabla ya kulisoma jina. Jina likimpendeza huinunua doti hata kama rangi si chaguo lake. Jina likiwa baya huiacha hata kama rangi inameremeta. Na analo haki ya kuwa mkali, maana kanga hutukana kama inavyobembeleza. Mume anayenunua bila kusoma anaweza kurudi nyumbani na fumbo la mke mwenza akidhani amemletea mkewe hidaya. Jirani anaweza kujifunga jina na kupita mlangoni mara tatu bila kutamka neno, na mtaa mzima ukajua aliyelengwa. Maandishi ya namna hiyo hayawezi kuborongwa yakapita hivi hivi. Mwandishi wa maneno ya kanga ana mhariri mkali kuliko wahariri wote wa vyuo vikuu, naye ni mnunuzi.

Hata hivyo, haitakuwa kweli kudai kuwa Waswahili hawakuwahi kukipenda kitu kigeni kwa sababu ya ugeni wake. Historia itawaumbua wanaodai hivyo. Bakuli na sahani za Kichina zilipandikizwa katika makaburi ya mnara ya Mambrui, na katika makaburi ya Kunduchi huko Tanzania. Katika magofu ya Gedi, ambako James Kirkman alichimba kuanzia mwaka wa 1948, vigae vya kauri ya Kichina vilipatikana kwa wingi. Kwenye nyumba za mawe za Lamu kuta zilitobolewa vidaka safu kwa safu, na kauri kutoka ng'ambo ilikuwa miongoni mwa mapambo yaliyowekwa humo. Hakuna aliyekula katika bakuli iliyojengewa kaburini. Hiyo nayo ilikuwa anasa ya kuonekana, na iliwaambia wapita njia daraja la aliyezikwa.

Kadhalika, lugha yenyewe ya manukato katika Kiswahili imejaa mikopo. Ambari, miski, zabadi, udi, marashi: maneno haya yametokana na Kiarabu, na Kiarabu kilikuwa lugha ya hadhi kwa Mswahili jinsi Kifaransa kilivyokuwa kwa Mwingereza. Ila yapo maneno ya asili yaliyokataa kuondoka. Manukato limetokana na kunukia, na msemaji wa Kiswahili hutofautisha kunuka na kunukia kwa irabu mbili tu za mwisho, bila kuhitaji msaada wa mtu. Yale yaliyokopwa nayo yametiwa adabu ya ngeli. Mtu husema mrashi na mirashi, na hakuna Mwarabu anayeweza kudai kuwa wingi huo ni wake. Kukopa neno na kulifanya lifuate sarufi yako ni jambo moja. Kukodi sentensi nzima usiyoielewa kwa kuwa ya kwako inakutia haya ni jambo jingine. Hoja ya makala haya inahusu hilo la pili.

Mrashi huo unastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Ni chombo chenye shingo nyembamba, aghalabu cha fedha au shaba, kinachotumiwa kuwanyunyizia watu marashi katika arusi na Maulidi. Mgeni hapewi chombo. Hupewa harufu, akaondoka nayo nguoni, na mrashi hubaki nyumbani kumsubiri mgeni mwingine. Wakusanyaji wa vichupa vya Chelsea wamefanya kinyume chake: wamekibakisha chombo, harufu hawana habari nayo.

Turejee kwenye maandishi. Mtu akizunguka katika maduka ya zawadi ya Nairobi, Kisumu au Eldoret katika siku za kuelekea tarehe 14 Februari, ataona vikombe, kadi, mito midogo na chupa za manukato zenye maneno. Maneno hayo, kwa idadi inayotisha, ni ya Kiingereza. Kadi ya kumpongeza mhitimu ni ya Kiingereza. Kadi ya arusi ya watu wawili waliochumbiana kwa Kiswahili, waliogombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili, huwaalika wageni kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa. Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hakuna katiba wala azimio linaloweza kuingia katika kadi ya mapenzi. Huko mtu huwa peke yake na mpenziwe, na lugha anayoichagua hapo ndiyo anayoiamini.

Wenye maduka hujitetea kuwa Kiswahili cha mapenzi husikika kama mzaha, au kama mahubiri. Utetezi huu hurudiwa hata na baadhi ya wanafunzi wa Kiswahili, na hilo ndilo linalosikitisha. Lugha iliyozaa utenzi, taarabu na majina ya kanga yasiyohesabika haiwezi kukosa la kumwambia mpenzi. Kinachokosekana ni mazoea. Kiingereza cha kadi hakina utamu wowote wa pekee. Ni misemo iliyochujwa kiwandani hadi ikapoteza ladha, na mkazi wa London akiisoma huenda akacheka. Lakini msomaji wa hapa haisomi. Huiona, akatambua daraja, akaridhika. Kijana wa Nairobi na kijana wa mtaa wa St James's wamekutana dukani, kila mmoja akinunua kitu kinachosema kwa niaba yake kwa lugha ambayo hakuitumia alipolia mara ya mwisho.

Haifai kumlaumu mwenye duka peke yake. Yeye, kama Gouyn, hutengeneza kinachonunuliwa. Wenye viwanda vya Uholanzi hawakuandika Kiswahili kwa ajili ya kukipenda. Waliandika kwa sababu bibi wa Mombasa hakuacha pesa zake mezani mpaka alipoona jina analolitaka. Ukali huo wa mnunuzi unaweza kuanza mahali padogo. Vyama vya Kiswahili vyuoni huchapisha fulana, vikombe, vyeti na kadi za kuwaaga wanaohitimu. Badala ya kutafsiri maneno yaliyoko katika kadi za Kiingereza, kazi ambayo huzaa Kiswahili kisichoweza kumbembeleza hata paka, wanachama wangeweza kutunga majina mapya kwa kanuni ya kanga: mafupi, yenye vina au mizani ya kutosha kushika sikio, yenye fumbo linalomfanya mpokeaji atabasamu mara ya pili anapolisoma. Shindano la namna hiyo halihitaji mfadhili. Linahitaji kikao kimoja cha jioni, karatasi, na wasichana wawili watatu waliolelewa na nyanya wa pwani wa kukosoa yatakayotungwa.

Baada ya hapo ni suala la kwenda kwa mchapaji. Wachapaji wa River Road jijini Nairobi huchapa chochote wanacholetewa, kwa lugha yoyote, na huuliza mambo matatu tu: idadi, rangi na siku ya kuchukua.